Kuacha Nyama Bila Kupungukiwa Protini: Mwongozo kwa Jiko la Tanga

Mtu wa Tanga anapoamua kuacha nyama, jambo la kwanza analofanya, na ambalo hata mimi nililifanya, ni kuiondoa nyama kwenye sahani na kuyaacha mengine yote kama yalivyokuwa. Ugali unabaki, matembele yanabaki, chai inabaki, na pale palipokuwa na vipande viwili vya nyama au kibua wa kukaanga panabaki mchuzi mtupu. Baada ya wiki kadhaa mwili unakuwa mzito, njaa inarudi saa moja tu baada ya kula, na watu wa nyumbani wanapata ushahidi waliokuwa wakiutafuta siku zote, kwamba binadamu haishi bila nyama. Kumbe aliyeumia ameumizwa na pengo aliloliacha mwenyewe kwenye sahani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuliziba pengo hilo kwa vyakula vinavyouzwa kila siku Mgandini na katika maduka ya Ngamiani, kwa vipimo vya jikoni ambavyo havihitaji mizani.

Hatua ya kwanza: Amua unaacha nini, kisha liseme kwa maneno yanayoeleweka

Lugha yenyewe ina mitego yake hapa. Ukisema kwamba siku hizi unakula mboga tu, mwenzako anaweza asielewe chochote, kwa sababu kwa watu wengi mboga ni kila kinachoshushia ugali, ukiuliza “Leo mboga nini?” unaweza kujibiwa “Nyama,” na hakuna atakayeona ajabu. Ukisema huli nyama, watu wa pwani watakuletea samaki bila hila yoyote, kwani kwetu nyama ni ya mnyama wa miguu minne na samaki ni samaki. Mama mkubwa wangu, wiki ile ya kwanza nilipomwambia kwamba nimeacha nyama, aliniandalia changu mzima wa kupaka, na nilipomkumbusha maneno yangu alinitazama kwa mshangao wa kweli: “Mwanangu, hii nyama? Si samaki huyu!” Nilikosa jibu, kwa sababu kwa Kiswahili chake alikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo amua mapema, na useme kwa kutaja vitu kwa majina: sili nyama, wala kuku, wala samaki, wala dagaa. Dagaa na kamba wakavu wasipotajwa huingia kimyakimya kwenye kisamvu na mchicha, maana wapishi wengi huwahesabu kuwa kiungo tu. Amua pia kuhusu mayai na maziwa. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asiviache vyote kwa pamoja. Abaki na mayai na maziwa kwa mwaka mmoja hivi, ajifunze kupika jamii ya kunde vizuri, ndipo afikirie kwenda mbele zaidi. Sababu kubwa ya ushauri huu ni vitamini B12, ambayo nitaieleza mahali pake. Tanga ni mkoa wenye ufugaji mkubwa wa ng'ombe wa maziwa, na maziwa na mtindi si vitu vya kutafuta kwa tochi.

Jambo lenyewe si geni mjini hapa. Familia nyingi za Kihindu zilizokaa Tanga vizazi na vizazi hazijawahi kupika nyama majumbani mwao, na zimelea watoto wenye afya kwa dali, chapati, mtindi na mboga za majani. Wasabato wengi nao huacha nyama kwa mafundisho ya kanisa lao. Ukipata jirani wa aina hiyo, mwombe akufundishe kupika. Utajifunza zaidi kwa jioni moja jikoni kwake kuliko kwa kurasa hizi.

Hatua ya pili: Ijue hesabu yako

Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 na mwenye kilo 75 anahitaji gramu 60. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto anayekua na mtu wa mazoezi makali wanahitaji zaidi ya hapo. Kwa kuwa protini ya mimea kwa kawaida huyeyushwa tumboni kwa kiwango cha chini kuliko ile ya nyama, mimi hujiongezea gramu kumi juu ya hesabu hiyo, na nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Wengi huiogopa hesabu hii kwa sababu hawajawahi kuhesabu nyama waliyokuwa wakila. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyoiva zina protini kama gramu 26, lakini katika nyumba nyingi kilo moja ya nyama hupikwa kwa watu saba au wanane, tena ikiwa na mifupa yake, na kila mmoja huambulia vipande viwili vitatu ambavyo, mfupa ukitoka, havizidi gramu 60. Hapo amepata protini ya gramu 15 hivi. Sasa chukua kikombe cha kawaida cha chai, kile cha robo lita, ukijaze maharage yaliyoiva: nacho kina gramu 15.

Kikombe hicho ndicho kipimo changu. Kikombe cha dengu au cha choroko zilizoiva kina kama gramu 14, cha kunde gramu 13, cha mbaazi gramu 11, na cha adesi gramu 18. Ukufi mmoja wa karanga, yaani gramu 30 hivi, una gramu 7, na ukufi wa korosho una gramu 5. Yai moja lina gramu 6, na kikombe cha maziwa au mtindi kina gramu 8. Nafaka nazo zina mchango ambao watu huusahau: wali kikombe kimoja una gramu 4, chapati moja ina gramu 4 au 5, na ugali wa dona uliosongwa kwa unga wa gramu 150 una kama gramu 12. Unga wa muhogo, kwa upande mwingine, hauna zaidi ya gramu 1 au 2 kwa kila gramu 100, na hapo ndipo mtu wa Tanga anapoweza kuteleza.

Ukiyaweka haya pamoja, siku ya mtu wa kilo 60 inaweza kuwa hivi: asubuhi kikombe cha mbaazi na chapati moja, mchana vikombe viwili vya wali na kikombe cha kunde pamoja na mchicha, alasiri ukufi wa karanga, na jioni ugali wa dona wa kiasi na mboga za majani, ukishushia kikombe cha mtindi. Jumla yake inapita gramu 55, na hakuna hata kimoja kilichotoka mbali wala kilichoandikwa “chakula cha afya” kwenye pakiti.

Hatua ya tatu: Anza na mlo wa asubuhi

Usibadilishe milo yote mitatu kwa siku moja. Tumbo ambalo halijazoea kunde nyingi hujaa gesi, na mtu aliyepata adha hiyo siku tatu mfululizo hurudi buchani siku ya nne. Anza na mlo wa asubuhi, kwa sababu pwani mlo huo tayari uko upande wako: maandazi au chapati kwa mbaazi za nazi ni chakula ambacho hakuna mtu atakayekuuliza kwa nini unakila. Wiki ya kwanza kula nusu kikombe, ya pili kikombe kizima, na ya tatu ongeza kunde au choroko za mchana. Choroko na adesi ni nyepesi kwa tumbo kuliko maharage, kwa hiyo zitangulie.

Nitaeleza mbaazi kwa urefu, kwa kuwa anayeziweza mbaazi ameziweza kunde zote. Chagua nusu kilo ya mbaazi kavu, uondoe vijiwe na zilizotobolewa na wadudu, uzioshe na kuziloweka usiku kucha kwa maji yanayozizidi mara tatu. Asubuhi yake utaziona zimevimba na maji yamekuwa na povu kidogo na harufu ya udongo. Maji hayo yamwage, kwa sababu yamebeba sehemu ya sukari zinazoleta gesi. Weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali mpaka yatokote, kisha punguza moto na uache ziive bila chumvi mpaka ukiminya moja kwa vidole viwili isambaratike bila kukaidi. Katika jiko la mkaa hiyo ni saa moja au zaidi kidogo, kutegemea umri wa mbaazi zenyewe.

Zikiwa jikoni, kuna nazi. Kaa kwenye mbuzi, ambaye ndiye mbuzi pekee aliyebaki katika jiko langu, ukune nazi moja kubwa, uikamue kwenye kifumbu upate tui la kwanza lililo zito, kisha ongeza maji kwenye machicha upate tui la pili. Mbaazi zilizoiva zipondeponde kidogo kwa mwiko, kama robo yake tu, ili mchuzi ushike. Tia kitunguu kilichokatwa, bizari ya manjano kidogo na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, kisha mimina tui la pili na uache lichemke dakika kumi. Mwisho tia chumvi na tui la kwanza, na hapa usiondoke jikoni wala usiitikie hodi: koroga taratibu upande mmoja bila kuacha mpaka lianze kuchemka, uipue mara moja, kwa maana tui likiachwa peke yake hukatika na mafuta kuelea juu. Mbaazi zinatakiwa ziwe nzito kiasi kwamba ukichota kwa kipande cha chapati hazichuruziki.

Hatua ya nne: Jifunze kanuni chache za kunde kavu

Kanuni iliyo muhimu kuliko zote inahusu maharage mekundu. Maharage hayo yakiwa mabichi au yakiwa hayajaiva vizuri yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha kwa saa kadhaa, na sumu hiyo huvunjwa na mchemko mkali tu. Yaloweke angalau saa tano, mwaga maji, kisha yachemshe kwa maji yanayotokota sawasawa kwa dakika zisizopungua kumi kabla ya kupunguza moto. Kuyaacha tangu mwanzo kwenye makaa yaliyofifia, kwa nia njema ya kubana mkaa, ni hatari, kwa sababu yanaweza kulainika bila ya joto kufikia kiwango kinachotakiwa. Soya nayo isiliwe mbichi wala isisagwe unga bila kukaangwa au kuchemshwa vizuri, kwani ina vitu vinavyozuia tumbo kuyeyusha protini.

Nyanya, ukwaju na ndimu vitiwe baada ya kunde kulainika. Ukivitia mapema, ukali wake hukaza ngozi za kunde, na utachochea mkaa mpaka magharibi. Magadi hulainisha haraka, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1, na mtu anayezitegemea kunde kwa lishe yake hana sababu ya kuitupa vitamini hiyo ili apate nusu saa. Kuloweka usiku kucha kunaleta nafuu ileile bila hasara. Mwenye sufuria ya presha atapunguza muda kwa zaidi ya nusu, na mwenye jokofu apike kilo nzima mara moja na kugawanya katika vibakuli vya kugandisha.

Katika kununua, nunua kunde zinapotoka kuvunwa, wakati bei iko chini, lakini usinunue zaidi ya utakazokula kwa miezi mitatu kama huna chombo chenye mfuniko wa kukaza. Unyevu wa pwani na fukusi ni maadui wa kila siku. Kunde zilizokaa ghalani muda mrefu hufifia rangi, hujikunja ngozi na hukataa kuiva hata ukizibembeleza. Karanga zinahitaji macho makali zaidi: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha ya uchungu zitupwe, wala zisisagwe kuwa siagi ili zijifiche. Ukungu huo huleta sumukuvu, ambayo kukaanga hakuimalizi, na ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoathirika.

Hatua ya tano: Unganisha nafaka na kunde, na uwe makini na bada, yaani ugali wa muhogo

Protini hujengwa kwa asidi amino, na kuna tisa ambazo mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo ni lazima zitoke kwenye chakula. Nyama, mayai na maziwa vinazo zote kwa uwiano mzuri. Nafaka zina upungufu wa laisini, na kunde zina laisini tele lakini methionini kidogo, ambayo nafaka inayo. Mchele na kunde vikikutana, kila mmoja hufidia upungufu wa mwenzake. Wasambaa na Wapare hawakungoja maabara kuligundua hilo. Makande yao, mahindi na maharage katika chungu kimoja, ni jibu kamili la swali hili, na ukiongeza karanga zilizopondwa au tui unapata mlo unaomshikilia mtu hadi usiku. Zamani ilisemwa kwamba vyakula hivyo viwili ni lazima viliwe kwa wakati mmoja. Siku hizi inajulikana kwamba inatosha viliwe ndani ya siku ileile, hivyo mbaazi za asubuhi zinaweza kumalizana na ugali wa jioni.

Tatizo linakuja kwa bada. Mimi nimekulia kwenye bada, na sina mpango wa kuiacha, lakini muhogo si nafaka, na hauna cha kubadilishana na kunde zaidi ya wanga. Miezi mitatu ya mwanzo nilikula bada na matembele mchana, mihogo ya kuchemsha asubuhi, na chai ya rangi kila nilipoinuka. Nikijumlisha sasa, sidhani kama nilifikisha gramu 20 za protini kwa siku. Nilipokwenda kupima kwa sababu ya kizunguzungu, katika kituo ambacho sitakitaja niliambiwa damu imepungua na nikapewa vidonge, bila mtu kuniuliza nilikuwa nakula nini. Vidonge vilisaidia mwezi mmoja, kizunguzungu kikarudi. Kilichoniondoa pale ni jirani aliyenitazama nikila na kuuliza, kwa utani wa kawaida wa uani, kama daktari aliniandikia muhogo.

Sababu ya pili ya tahadhari ni kwamba muhogo, hasa ule mchungu, una viini vinavyozalisha sianidi. Mwili huitegemea sehemu fulani ya protini, zile asidi amino zenye salfa, ili kuibadilisha sumu hiyo na kuitoa. Kwa hiyo mtu anayekula muhogo mwingi na protini kidogo ndiye yuko katika hatari zaidi. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla, umewahi kuzuka nchini miongoni mwa watu waliokuwa wakiishi kwa muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri. Makopa, yaani vipande vya muhogo, yanayolowekwa na kukaushwa kwa siku za kutosha hayana shida hiyo, na kisamvu kinachotwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila mfuniko kinalika salama. Kanuni yangu ni kwamba siku ya bada lazima iwe siku ya vikombe viwili vya kunde, na mara nyingi huisonga kwa kuchanganya unga wa muhogo na wa mahindi nusu kwa nusu.

Hatua ya sita: Usidanganywe na vinavyofanana na nyama

Uyoga una utamu wa nyama na unatafunika kama nyama, lakini mwingi wake ni maji, na gramu 100 zina protini kama gramu 3 tu. Bilinganya na fenesi bichi ni hivyo hivyo, tena chini zaidi. Nazi, ambayo wengi hudhani inajenga mwili, ni mafuta; tui linapamba kunde lakini halizibadili. Vipande vya soya vikavu, vinavyoitwa nyama ya soya madukani, vina protini kweli, karibu nusu ya uzito wake, na vinafaa kwa siku ya haraka au kwa mtoto anayelilia mishikaki. Siviponi ubaya, ila sioni haja ya kuvifanya chakula cha kila siku wakati kunde ni nafuu na zina ladha yao wenyewe. Unga wa protini wa makopo unaouzwa kwa wanyanyua vyuma hauna nafasi katika mwongozo huu.

Hatua ya saba: Ziba mapengo matatu ambayo si ya protini

La kwanza ni vitamini B12. Mimea haina. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Kikombe cha maziwa kina zaidi kidogo ya mikrogramu 1 na yai moja lina nusu, kwa hiyo vikombe viwili vya maziwa au mtindi na yai moja vinamaliza kazi. Aliyeacha maziwa na mayai anywe vidonge vya B12, na jambo hili halina mbadala wa asili. Wapo wanaosema mwani unatosha, na kwa kuwa mwani unalimwa katika fukwe zetu maneno hayo yana mvuto, lakini mwani si chanzo cha kutegemewa. Hatari ya B12 ni kwamba ini huweka akiba ya miaka, hivyo upungufu hujitokeza wakati mtu ameshasahau kwamba aliacha chochote, kwa ganzi ya vidole, udhaifu na usahaulifu, na mishipa ya fahamu ikiumia sana inaweza isirudi ilivyokuwa.

La pili ni madini ya chuma. Kunde na majani ya kijani yanayo, ila chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida, na chai huzidisha shida hiyo. Ahirisha chai, ya rangi au ya maziwa, mpaka saa moja baada ya kula, na badala yake mlo uambatane na kitu chenye vitamini C: kamulia ndimu kwenye mchicha, kula chungwa la Muheza, au kunywa maji ya ubuyu. Wanawake walio katika umri wa hedhi wanahitaji chuma zaidi ya mara mbili ya wanaume, kwa hiyo wao wasilipuuze hili. Kuotesha choroko nako kunasaidia, kwa kuwa machipukizi hupunguza viini vinavyoshikilia chuma na zinki: loweka usiku mmoja, mwaga maji, funika kwa kitambaa kibichi kwa siku mbili, na uzisuuze asubuhi na jioni, maana kwa joto la Tanga zisiposuuzwa zinachacha kabla ya kuota. Zipitishe kwenye moto dakika chache kabla ya kula.

La tatu ni madini joto, ambayo mla samaki wa baharini huyapata bila kuwaza. Tumia chumvi iliyotiwa madini joto na uihifadhi kwenye chombo kilichofunikwa. Chumvi ya mawe ya kupimiwa kwa kopo mara nyingi haina.

Hatua ya nane: Jiangalie kwa miezi sita

Jipime uzito kabla ya kuanza, kisha kila mwezi, na upime wingi wa damu kabla na baada ya miezi sita. Kupungua kilo mbili tatu mwanzoni si ajabu, lakini uzito unaoendelea kushuka, nywele zinazokatika, vidonda visivyopona haraka au miguu kuvimba ni dalili za kwenda kwa daktari, na ukifika eleza unachokula hata kama hujaulizwa. Mwenye ugonjwa wa figo asianze bila ushauri, kwa kuwa kwake wingi wa protini na wa kunde una hesabu nyingine kabisa. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mwenye mtoto chini ya miaka miwili nao wazungumze kwanza na mtaalamu wa lishe. Mtoto mdogo ana tumbo dogo, na kunde zake lazima zipondwe, zichujwe maganda na ziongezewe mafuta.

Hatua ya tisa: Jiandae kwa mama ntilie na kwa shughuli

Kwa mama ntilie, usiulize kama maharage yana nyama, kwa sababu jibu litakuwa hapana na litakuwa la kweli. Uliza kama yameungwa kwa supu. Bajia za kunde na za dengu ni rafiki wa msafiri, ingawa mafuta yake huenda yalikaangia samaki asubuhi, na kila mtu ajiamulie kama hilo linamkera. Mimi halinikeri.

Shughuli ni mtihani mkubwa zaidi. Katika harusi na maulidi pilau hupikwa pamoja na nyama yake, huletwa kwenye sinia moja la watu wanne au watano, na anayelikataa sinia huonekana amemkataa mwenyeji. Usitoe hotuba, wala usimharamishie mwenzio alichohalalishiwa. Kama mwenyeji ni wa karibu, mwambie siku mbili kabla, kwa adabu na kwa kutaja unachokula: “Shangazi, mimi wali mweupe na kachumbari vinanitosha,” na mara nyingi utakuta amekuwekea na maharage pembeni. Kama si wa karibu na huoni ubaya kula wali uliopikwa na nyama, kaa na wenzako, kula upande wako wa sinia, na vipande vya nyama visogeze polepole upande wa jirani, ambaye sijawahi kumsikia akilalamika. Kama huo nao huuli, tosheka na kachumbari, ndizi na soda. Kwa vyovyote vile usiende na njaa. Mimi hula kikombe changu cha choroko kabla ya kuvaa kanzu, na karanga huwa ziko mfukoni.